Kwa Vijana wa Mji wa Kale: Msiutamani Usultani

Wajukuu zangu, assalaamu alaykum.

Kila tukitoka msikitini baada ya Isha nawasikia mkibishana barazani iwapo nchi ya leo yafaa kuwa na mfalme, na baadhi yenu mwatamani hata Sultani wa Zanzibar arejee Mwambao wetu wa Kenya kwa kuwa enzi zake, mwasema, tulikuwa na heshima. Bendera yake nyekundu niliiona kwa macho yangu ikipepea juu ya Ngome hapa Mombasa, nikiwa mtoto wa chuoni, kabla haijateremshwa 1963. Kwa hiyo nina haki ya kuwajibu.

Heshima hiyo sitaikana. Lakini usomeni pia mkataba wa 1895, ambamo Sultani wa Zanzibar aliwakabidhi Waingereza usimamizi wa ukanda wetu wa maili kumi kwa pauni 11,000 kila mwaka. Waliotia sahihi ni Sultani na Waingereza. Babu zetu, waliokuwa na makaburi, misikiti na mashamba hapa, hawakuwa upande wowote wa mkataba huo, bali walikuwa kama watu waliomo ndani ya nyumba ambayo mwenyewe ameipangisha na kodi ya pango inapokewa Unguja. Jambo hili huniuma hadi leo.

Mtaniambia kuwa viongozi wa kuchaguliwa nao wametudhulumu katika ardhi. Ni kweli, na msinyamaze. Hata hivyo, kiongozi wa kuchaguliwa mtamnyima kura, Sultani mngemwondoaje?

Tena kadhi, ambaye mwamhesabu kuwa ni urithi wa kiti kile, hakulindwa na kiti. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, waliandikiana barua za makubaliano kwamba mahakama za kadhi zitadumishwa. Usultani ulianguka tarehe 12 Januari 1964, nazo mahakama zingali zinasikiliza kesi zetu za ndoa, talaka na mirathi, kwa nguvu ya Katiba ya Kenya.

Sisemi kila ufalme uvunjwe. Lesotho ina mfalme asiyeshika hatamu za serikali, na Uganda, iliyofuta falme zake 1967, ilizirejesha 1993 kwa ajili ya mila, bila siasa. Watu wanaompenda mfalme wa namna hiyo wamweke, mradi hazina, jeshi na ardhi visiwe mkononi mwake. Kinachonitisha ni Eswatini, ambako mwaka 1973 Mfalme Sobhuza II aliifuta katiba na kupiga marufuku vyama, na hadi leo vyama haviruhusiwi kusimamisha wagombea. Mfalme anayeweza kuifuta katiba kwa tamko lake hafai kubakishwa, hata awe mpole kiasi gani, kwa sababu atakayemrithi hamumjui.

Nakala ya Katiba ninayo nyumbani. Alhamisi baada ya Isha njooni, tuisome pamoja Ibara ya 170 inayohusu kadhi, kisha mjadala wenu uendelee.

Babu yenu.