Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Elimu, Kaunti ya Lamu: Mtoto huyu anajua kusoma

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Assalaam alaikum. Nafundisha Kiswahili darasa la sita hapa kisiwani. Nakuandikia kwa ajili ya mwanafunzi wangu mmoja ambaye ripoti yake ya muhula uliopita inasema hajui kusoma.

Ufahamu wa mtihani ule ulihusu abiria aliyeachwa na garimoshi. Mtoto aliusoma wote kwa sauti mbele yangu, hakukwama hata neno moja. Nilipomuuliza kwa nini abiria alikimbilia jukwaa la pili, akanyamaza. Kwake yeye, jukwaa ni pale wanapoketi wageni wa heshima siku ya sherehe. Lamu haina reli.

Wiki iliyofuata nikawapa darasa zima kifungu nilichokitunga mwenyewe, cha mashindano ya mashua: upepo wa kusi, foromali (mti unaoshikilia tanga), nahodha anayepiga bisha, yaani anayegeuza chombo huku na huku ili kwenda dhidi ya upepo. Mtoto huyu amekulia Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo vya baharini. Alijibu maswali yote, kisha akanieleza jambo ambalo sikuliandika kabisa: mashua ya pili ilishindwa kwa kuwa ilipiga bisha mapema mno. Safari hii waliokwama ni wasomaji wangu wawili bora, watoto waliohamia kutoka bara.

Jambo hili limeshapimwa. Mwaka 1988 huko Marekani, watafiti Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi 64 kisa cha mchezo wa besiboli, kisha wakawataka waoneshe kilichotokea kwa kusogeza vijisanamu kwenye kiwanja kidogo cha mfano. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo waliwashinda wasomaji hodari wasioujua. Wala si ajabu. Mwandishi huacha mengi bila kuyasema, akitumaini msomaji anayo tayari. Mtu akikwambia "matanga yamekwisha", hutajua anasema msiba au vitambaa vya mashua mpaka umjue ni nani na ametoka wapi.

Siombi garimoshi liondolewe kwenye mitihani. Watoto wetu watafika Mombasa na Nairobi, lazima walijue. Kinachoniuma ni kwamba alama za ufahamu zikishuka, shule huongeza mazoezi ya kusoma kwa kukata vipindi vya Sayansi na Masomo ya Jamii, na ni humo humo mtoto angekutana na reli, theluji, kiwanda na mahakama.

Naomba uagize vipindi hivyo visiguswe. Naomba pia kwamba kabla mtoto hajaandikiwa "hajui kusoma", asomeshwe vifungu viwili vitatu vya mambo mbalimbali, kimoja kiwe cha mambo ya kwao. Kile cha mashua ninacho. Jumatatu nitakileta ofisini kwako, pamoja na majibu ya darasa zima.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa Kiswahili, Lamu