YAH: MALALAMIKO KUHUSU ZIARA YA BAISKELI MJINI LEIDEN, UHOLANZI

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini u mzima wa afya na kazi zinaendelea. Mama yangu bado anachechemea, na ndiyo sababu ya barua hii.

Masharti yenu mnayajua kuliko mimi, sitayanakili hapa. Fungueni tu ule ukurasa wa usalama, msome panapoandikwa kwamba mwongozaji haondoki mpaka mtu wa mwisho kwenye msafara amefika, halafu mrudi kwenye barua yangu.

Jumamosi ile, juu ya daraja la Koornbrug, mama alianguka na baiskeli mliyompa. Mwongozaji wenu aligeuka akamwona yuko chini, goti linavuja damu, kanga imenasa kwenye mnyororo. Akanyanyua dole gumba. Akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Hakuna matata, mama!" Akacheka, akapanda baiskeli yake ya mizigo, akaondoka na kundi. Ndani ya sanduku la baiskeli hiyo ndimo ulimokuwa mkoba wa mama, na ndani ya mkoba dawa zake za presha.

Nimeandika kwa utulivu kiasi ninachoweza. Sasa naomba mnieleze mambo kadhaa.

Kwenye fomu yenu mliuliza urefu wa kila mteja. Tukaandika: mama, sentimita 150. Mliuliza ili iweje? Asubuhi tulipokutana chini ya De Valk, kile kinu cha upepo cha mwaka 1743 kilicho karibu na stesheni, baiskeli zilikuwa zimepangwa kwenye uzio na ya mama ilikuwa na kiti kilichofika karibu na kifua chake. Kilipoteremshwa mpaka mwisho bado alikuwa akigusa chini kwa ncha za vidole tu. Nikaomba baiskeli ndogo zaidi. Nikajibiwa hakuna, na kwamba tutakwenda taratibu. Mama, kwa heshima aliyolelewa nayo, akasema basi twendeni tusiwacheleweshe wenzetu.

Na kabla hamjanijibu kwamba bibi wa Kiafrika hajui baiskeli, mama yangu ni mtu wa Tanga. Mji mzima unakwenda kwa baiskeli. Amekwenda kufundisha kwa baiskeli miaka yote ya utumishi wake, daftari za wanafunzi zimefungwa nyuma kwa mpira. Asichokijua, na ambacho mwongozaji hakumwambia mtu yeyote, ni kwamba baiskeli ile haikuwa na breki za mkono. Inasimama kwa kukanyaga pedeli kurudi nyuma. Waholanzi wamezizoea tangu utotoni. Mtu aliyezoea breki za mkono anahitaji kuelezwa, kisha ajaribu mahali pa wazi kabla hajaingizwa barabarani. Dakika tano zingetosha. Mwongozaji alizitumia kutupiga picha mbele ya kinu. Hiyo picha nitairudia.

Tangazo lenu lilisema "mwongozaji anayezungumza Kiswahili fasaha". Ndilo lililotufanya tukachagua kwenu, maana mama Kiingereza anakisoma vizuri lakini kukisikiliza huku upepo unavuma na magari yanapita ni shida. Kiswahili cha mtu yule kilikuwa jambo, pole pole na hiyo hakuna matata. Kilichobaki chote Kiingereza, tena cha kukimbia. Msiniambie mtu wa Kiswahili hapatikani Leiden. Chuo Kikuu cha mji huo kinafundisha Kiswahili, na Kituo cha Taaluma za Afrika kiko palepale. Mngetafuta mngempata. Hamkutafuta.

Njia yenyewe mliyoitangaza hatukuifuata. Pale karibu na Weddesteeg, alikozaliwa mchoraji Rembrandt mwaka 1606, tulisimama muda mrefu kweli, lakini mwongozaji alikuwa anavuta sigara na kuongea na simu. Simu hiyohiyo aliishika mkononi huku anaendesha kandokando ya mfereji wa Rapenburg, na nchi ile imepiga marufuku kushika simu kwenye baiskeli tangu Julai 2019. Mzee mmoja wa Moshi tuliyekuwa naye alimkumbusha. Alijibiwa kwa ishara ya mkono.

Bustani ya mimea ya Chuo Kikuu tuliipita mlangoni. Ilianzishwa mwaka 1590, ndiko mtaalamu wa mimea Clusius alikopanda tulipu zile za mwanzo, na kwenye ratiba yenu imeandikwa kwa herufi nene kwamba tutaingia. Tumechelewa, alisema. Aliyetuchelewesha nani? Tulipofika mfereji wa Steenschuur, mama aliuliza kuhusu ile meli ya baruti iliyolipuka tarehe 12 Januari 1807 ikafagia mtaa mzima, maana alijua bustani ya Van der Werfpark iko mahali nyumba zilipobomoka. Mwalimu wa historia haachi kazi akistaafu. Akaambiwa "later, later". Mama akanyamaza. Mimi ndiye niliyepaswa kugoma kwenda mbele pale, lakini hilo lingekuwa kazi yangu kwa sababu ninyi hamkufanya yenu.

Kisha akatuingiza sokoni. Jumamosi, Ndugu Mkurugenzi! Jumatano na Jumamosi kingo za mto Nieuwe Rijn zinajaa meza za jibini, maua na samaki, watu bega kwa bega. Wenyeji wakifika pale wanashuka na kusukuma baiskeli. Yeye akatuambia tumfuate, akatangulia akipiga kengele.

Narudi darajani, kwa sababu majibu ya barua pepe niliyopata kutoka ofisini kwenu yameonyesha kwamba hamkuelewa nilipoeleza mara ya kwanza, au mmeelewa mkaona heri mjifanye hamkuelewa.

Koornbrug ni daraja lenye paa. Paa liliwekwa mwaka 1825 ili nafaka ya wafanyabiashara isilowe. Kabla ya kufika chini ya paa kuna mwinuko mdogo, halafu mteremko. Mama alikuwa mbele yangu. Mwanamke mwenye kigari cha mtoto akajitokeza kutoka upande wa kulia. Niliona vidole vya mama vikifumba na kufumbua kwenye usukani, vinatafuta breki, vinabana hewa. Akageuza usukani ili asimguse mtoto. Mguu ukatafuta ardhi haukuifikia. Akaanguka ubavu, na baiskeli juu yake.

Kanga ikanasa kwenye mnyororo. Hapa ndipo mtu wenu wa huduma kwa wateja aliponiandikia kwamba "mavazi ya mteja hayakuwa rafiki kwa baiskeli". Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi na kila nikiisoma napandwa na hasira upya. Mama alivaa suruali, na kanga juu yake. Wanawake wa Uholanzi wanaendesha wakiwa na makoti marefu na magauni, kwa sababu baiskeli zao mnyororo umefunikwa wote kwa boksi na gurudumu la nyuma limekingwa pembeni. Boksi la baiskeli ya mama lilikuwa halipo. Skrubu zilizolishika zilikuwepo, zina kutu. Nimezipiga picha, nimeambatisha. Vazi halikuwa na tatizo lolote.

Alipokuwa amelala pale, mwongozaji alikuwa ng'ambo ya daraja, hatua chache tu. Aligeuka. Sikisii, tulitazamana. Nilimwita. Nilimwonyesha mama. Vijana wawili wa Arusha walikuwa wameshaanza kushuka waje kusaidia, akawaambia waendelee, chakula cha mchana kimewekewa nafasi kwa saa maalumu. Ndipo akanyanyua dole gumba: "Hakuna matata, mama!" Na kile kicheko. Watu wa sokoni walicheka naye, wakidhani ni utani wetu sisi wenyewe. Mama yangu, mwanamke ambaye wanafunzi wake wa zamani wenye mvi leo bado wanamsimamia akiingia, alikuwa chini kwenye mawe anajaribu kuivuta kanga isipande, huku watu wanamcheka. Mwongozaji akaondoka na mkoba.

Aliyetusaidia ni muuza samaki. Aliacha wateja wake, akakata kanga kwa kisu chake, akamketisha mama juu ya kreti, akamfungia barafu kwenye mfuko wa plastiki. Barafu ya samaki, inanuka heringi. Mama aliishika gotini, na pale pale akaanza kunisimulia kwa sauti ya darasani, ili nisilie, jinsi Leiden ilivyozingirwa na Wahispania, jinsi kuta za kuzuia maji zilivyobomolewa makusudi mashamba yafurike mashua za chakula zipite, na watu walivyogawiwa heringi na mkate mweupe siku mji ulipokombolewa, tarehe 3 Oktoba 1574. Heringi hiyo mliandika kwenye ratiba kwamba tutaionja kwa pamoja. Wenzetu waliionja. Mzee wa Moshi amenitumia picha ya meza, na kiti cha mama kiko wazi.

Dawa zilikuja jioni. Jioni! Kwa mtu mwenye presha, baada ya mshtuko ule. Niliwapigia simu, namba ya dharura iliyo kwenye kipeperushi, ikaita mpaka ikakata. WhatsApp nikajibiwa na dada wa ofisini, "Pole dada, tunalifanyia kazi", na alama ya moyo. Mpaka leo sijui ni kazi gani mliyoifanya. Hospitali walimpiga eksirei, mfupa haukuvunjika, goti likashonwa. Teksi nikalipa mimi, hospitali nikalipa mimi. Siku zilizobaki za safari mama alizimaliza kwenye chumba cha hoteli akiangalia mfereji dirishani.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kuomba vitu viwili tu: mtuombe radhi kwa maandishi, na mturudishie fedha za ziara ile ya baiskeli kwa watu wawili. Ningeishia hapo.

Lakini jana usiku mpwa wangu amenitumia kiungo cha ukurasa wenu wa Instagram. Picha iliyopigwa chini ya De Valk iko pale. Mama yuko mbele kabisa, ameshika usukani wa baiskeli inayomzidi kimo, anatabasamu kama alivyoombwa, na juu yake mmeandika "Wateja wetu, furaha yetu". Mmeiweka wiki moja baada ya mimi kuwaandikia kuhusu ajali. Kwa hiyo mliijua sura yake, mlijua amelala na goti limefungwa, mkaona anafaa kuuzia safari ijayo. Nani alimwomba ruhusa?

Sasa basi, mahitaji yangu ni haya. Picha iondolewe leo, siyo kesho. Mturudishie fedha zote za safari, si za siku moja, kwa sababu siku zilizofuata mama hakuzitumia. Mlipe gharama za hospitali, teksi na dawa, risiti nimeambatisha. Na ule msamaha sitaki tena uje kwa barua pepe ya binti wa ofisini. Aje mtu mwenye cheo, aende Tanga, abishe hodi nyumbani kwa mama, akae sebuleni kwake, amwambie kwa mdomo wake, kwa Kiswahili. Hicho mnacho, si mnakitangaza?

Nawapa siku saba. Nilikuwa nimeandika kumi na nne, nimezifuta. Ya nane ikifika bila jibu, malalamiko yataanza kwenda kwenye Tume ya Ushindani kwa upande wa tangazo la uongo, na kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa upande wa picha. Sheria ya mwaka 2022 naamini wakili wenu anaijua. Wangu anaijua, na ameshaisoma barua hii kabla yenu. Mzee wa Moshi na wale vijana wa Arusha wamekubali kuandika walichokiona. Na kama mwongozaji yule bado anapeleka watu Leiden kwa jina la kampuni yenu, baiskeli hizohizo, nataka nijue, kwa sababu hapo nitakuwa siwaandikii tena ninyi. Nitawaandikia wateja wenu.

Kanga iliyokatwa ninayo. Msiniambie mtanunua nyingine.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mteja wenu, kwa niaba ya mama yangu
(majina, namba za risiti na picha vipo kwenye viambatisho)

Nakala: Wakili wa familia
Nakala: Meneja wa Huduma kwa Wateja, ambaye naomba safari hii asijibu yeye