Barua kwa Mama Neema

Katesh, Jumatatu jioni

Mama Neema mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako nimeipata, nimeisoma mara mbili jikoni hadi uji ukaungua. Pole sana, dada yangu. Unasema tangu mumzike Baba Neema, ukipiga magoti maneno hayaji, na Jumapili unajifungia ndani kwa kuwa unaona kuimba huku moyo umekauka ni kumdanganya Mungu. Mistari ya faraja najua ulipewa ya kutosha pale msibani. Mimi nitakusimulia yaliyonipata, maana sijawahi kukueleza yote.

Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023 niliamka kunyoosha sare ya kwaya. Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nikasikia ngurumo isiyokatika kama radi. Mlima Hanang ulikuwa unashusha matope, mawe na miti mizima mizima. Sisi tulipona. Mama yangu, aliyekuwa anakaa upande wa sokoni, tulimpata siku ya pili. Tulizika watu zaidi ya 80 wilayani. Duka langu la nafaka lilijaa udongo hadi dirishani, na mkopo wake sikuwa nimerejesha hata nusu.

Mama Neema, miezi minne sikuomba. Nilimkasirikia Mungu. Kina mama wa jumuiya hawakunihoji habari za imani yangu. Walikuja na majembe na mabeleshi, wakatoa matope dukani siku sita. Jioni huyu analeta makande, yule anaogesha watoto. Ilipofika Alhamisi wakahamishia ibada kwangu, wakaimba na kuomba, mimi nimelala nimegeukia ukuta. Wenzangu wa kikoba wakasogeza marejesho yangu hadi mavuno.

Siku moja mwinjilisti akasoma Marko sura ya 2, habari za yule mwenye kupooza wa Kapernaumu, aliyechukuliwa na watu wanne wakatoboa dari. Habari hiyo naijua tangu utotoni. Siku hiyo ndipo nikasikia kwamba Yesu aliiona imani yao. Yao! Mgonjwa mwenyewe hajasema neno hata moja. Nililia mbele za watu. Kumbe muda wote ule nilikuwa juu ya godoro, na walionishika ni wao.

Kwa nini mlima ulishuka siku ile, sijui hadi leo. Mama bado namlilia, na mvua ikinyesha usiku naamka kuhesabu watoto. Lakini naomba tena, saa kumi na moja alfajiri, siku nyingine naishia "Baba yetu" tu. Duka nimelifungua na magunia manane.

Basi usijilazimishe kuomba, dada. Nakusihi jambo moja tu, mlango usiufunge.

Jumamosi napanda basi la asubuhi kuja Babati. Usihangaike kupika, tunakuja na unga, maharage na mafuta. Ukitaka kulala, lala, sisi tutaimba sebuleni. Nakuja na kina mama watatu wa jumuiya. Wewe huwajui, ila wao wanakutaja kwa jina kila Alhamisi.

Nduguyo katika Kristo,
Mama Elia