Wapiga makasia wa Athene hawakuwa watumwa wa minyororo

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu vita vya majini vya Salamis, ambako Athene na Wagiriki wenzake waliwashinda Waajemi, niliifurahia, isipokuwa ile picha ya watu waliofungwa minyororo wakicharazwa mijeledi huku wakipiga makasia. Hayo ni mambo ya karne ya 16 na 17, falme za Mediterania zilipowapakia wafungwa na mateka. Kuyapeleka Athene ya mwaka 480 KK ni kuwapokonya maskini wa mji ule ushindi wao.

Merikebu moja ya vita ilitaka wapiga makasia 170, wamepangwa safu tatu, moja juu ya nyingine, kila mtu na kasia lake. Matajiri walikuwa na farasi. Wenye uwezo kiasi walijinunulia ngao na mkuki wakapigana nchi kavu. Mafukara, tabaka lililoitwa thetes, hawakuwa na cha kununulia silaha, basi wakaingia chomboni, kila mmoja na mto wake wa kukalia (aliyewahi kupiga kasia kutwa nzima hataniuliza kwa nini). Tena walilipwa: msafara wa kivita wa Athene kwenda kisiwa cha Sicily, mwaka 415 KK, ulitoa drakma 1 (sarafu ya fedha ya Kigiriki) kwa siku.

Watumwa mnaowatafuta walikuwa kwingine, kwenye machimbo ya Laurion, katika nchi ya Athene. Madini ya fedha yalipopatikana huko kwa wingi, mnamo 483 KK, raia walitaka kugawana drakma 10 kila mtu. Kiongozi wao Themistocles ndiye aliyewageuza mawazo, fedha hiyo ikaundiwa merikebu.

Sisemi hakuna mtumwa aliyeshika kasia. Walikuwepo, na wageni wa kukodiwa pia. Mwaka 406 KK, kabla ya mapigano ya majini ya Arginusae dhidi ya Sparta, Athene iliishiwa watu ikawapakia watumwa kwa wingi, na waliopigana wakapewa uhuru.

Mwandishi mmoja wa Athene wa karne ya 5 KK, ambaye jina lake halikuhifadhiwa na ambaye demokrasia ilimkera waziwazi, alikiri kwamba ni haki maskini wapate zaidi ya matajiri, kwa kuwa wao ndio wanaoziendesha merikebu na kuupa mji nguvu. Adui yao mwenyewe kasema hivyo!

Mkiirudia makala hiyo, naomba mbadilishe picha.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Tanga