Wito wa harambee: chumba cha hati za Kilwa Kivinje kinavuja, na masika yanakaribia

Assalaam alaykum ndugu zetu. Wana Kivinje mlioko nyumbani, Masoko, Lindi, Dar es Salaam, Unguja na Muscat, Waislamu kwa Wakristo, na nyote mliowahi kula samaki wa pwani hii mkaondoka mkisifu.

Tunaandika kwa haya. Si mara ya kwanza bakuli hili kupita mbele yenu. Mlichanga madawati, mlichanga pampu ya kisima, na tungependa mwaka huu tuwaache mpumue. Lakini chumba tulichoazimwa kutunzia hati za mji kinavuja, tena kinavuja mahali pabaya kuliko pote: juu ya sanduku la tatu.

Paa lake ni la mabati ya geji 30, yaliyopigiliwa misumari ya kawaida isiyo na mpira chini ya kofia. Upepo wa bahari una chumvi. Kutu ilianzia kwenye matundu ya misumari, matundu yakapanuka, na sasa bati linacheza kila upepo ukivuma. Tumeziba kwa lami; lami ikikauka juani hupasuka, na mvua inayofuata hupita pale pale. Tumefunika masanduku kwa turubai, nalo likaja na balaa lake: joto na mvuke vikanaswa chini, ukungu ukaanza kuota kwenye kingo za karatasi. Turubai limeondolewa. Tumerudi kwenye mabeseni.

Kuna watakaouliza, karatasi kuukuu zikilowa hasara ni nini? Tuwajibu kwa hati moja tu.

Ni hati ya mauziano ya nyumba ya mawe, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, si kubwa kuliko viganja viwili. Mstari uliotaja mwaka kwa maneno umeshaliwa na mchwa. Umebaki mwaka wa tarakimu, nao ni wa Hijria. Moja inasomeka, mbili inasomeka, tatu ya mwisho inasomeka. Iliyo kabla ya hiyo tatu imelowa, nayo ni ama ٧ ama ٨. Aliyekaa chuo cha Kurani anajua kwamba saba na nane zinatofautiana kwa ncha tu: saba ncha chini, nane ncha juu. Wino wa zamani wa masizi na gundi huyeyuka ukipata maji, na hapo tone limetua likausambaza pande zote mbili. Kilichobaki kinafanana na X.

Ikiwa ni 1273, nyumba iliuzwa kati ya Septemba 1856 na Agosti 1857. Ikiwa ni 1283, iliuzwa kati ya Mei 1866 na Mei 1867. Ni tofauti ya miaka 10, lakini katikati yake umepita mwaka 1863, na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 imeufanya mwaka huo kuwa mpaka. Kilichojengwa na binadamu kabla yake kinalindwa na sheria moja kwa moja. Cha baada yake kinasubiri kutangazwa na Waziri. Mji wetu ulinenepa katika karne ya 19 kwa pembe na kwa watumwa, misafara ikiteremka kutoka upande wa Ziwa Nyasa, kwa hiyo mpaka huo unakata katikati ya mitaa yetu: nyumba hii iko ndani, ya jirani iko nje. Mwenye nyumba akitaka kubomoa ajenge fremu za maduka, swali la kwanza litakuwa mwaka. Bila hati, sisi tutabaki kusema "ni ya zamani sana", na maneno hayo hayamzuii fundi aliyekwisha lipwa.

Milango nayo ni hivyo hivyo. Sheria hiyo hiyo inalinda milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya 1940. Mlango wa nakshi ukishang'olewa usiku na kupakiwa kwenye gari, atakayetaka kuudai lazima aonyeshe ulikuwa wapi na ulikuwaje. Ndiyo maana tunaupiga kila mlango picha nne: mzima kutoka mbele, kizingiti cha juu, mwimo mmoja kwa karibu, na mfaa wa katikati, futi ikiwa imeegeshwa kando ionekane ndani ya picha. Picha isiyo na futi ni ukumbusho wa harusi.

Kazi yenyewe ya kutafiti historia ya mahali tuieleze kidogo, mjue fedha inakwenda wapi.

Hati moja peke yake haisemi mengi. Faida yake iko kwenye mipaka. Waandishi wa zamani hawakupima kwa mita. Waliandika majirani wa pande nne, kibla, suheli, matlai na machweo. (Huku kwetu kibla ni kaskazini, suheli kusini, matlai mashariki; wasomaji wa mbali wakilisahau hilo hugeuza mtaa mzima.) Hati ya kwanza inasema kibla yake imepakana na fulani, hati ya yule fulani inasema suheli yake imepakana na wa kwanza. Zikiungana hati 10 au 12 namna hiyo, mtaa unajichora wenyewe, na nyumba isiyo na karatasi inapata mahali pake kwa sababu majirani wake wote wameitaja. Hati ikiharibika katikati ya mnyororo, zile za pande zote mbili hupoteza nguvu.

Miaka ya Hijria tunaigeuza kwa kuzidisha na 0.97 kisha kujumlisha 622, halafu tunahakikisha kwenye jedwali. Wanaojumlisha 579 kwa kila hati wanakosea, kwa kuwa mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku 11 hivi na pengo halikai mahali pamoja. Tumekuta kosa hilo limeandikwa kwa kalamu pembeni mwa hati za asili. Tafadhalini, msiandike chochote juu ya hati za wazee.

Kisha kuna majalada ya serikali. Hapa wengi hukwama kwa jambo dogo: Wajerumani waliandika Kiwindje. Ukitafuta Kivinje kwenye orodha zao utaambiwa hakuna kitu, urudi nyumbani ukidhani mji wako hauna historia. Tena jalada likisema Kilwa tu, la wakati wa Mjerumani kwa kawaida ni sisi, maana boma lilikuwa hapa. Kilwa ya wakati wa Mreno, wao wakiandika Quiloa, ni Kilwa Kisiwani. Majalada ya Kijerumani yaliyobaki nchini yako Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, yenye namba zinazoanza na herufi G. Mengi yameandikwa kwa mwandiko wa mkono wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kufundishwa. Kwa hiyo lazima tumlipe msomaji, naye hulipwa kwa ukurasa.

Kwa nini tujisumbue, wakati Kisiwani tayari wana magofu yao? Ibn Battuta alifika kule 1331, na tangu 1981 Kisiwani na Songo Mnara zimo katika Urithi wa Dunia. Tunawapongeza, tukiwaonea wivu kidogo. Lakini mgeni hushuka Masoko, huvuka, hupiga picha, hurudi zake, asijue kwamba Septemba 1888 watu wa Kivinje waliikataa kampuni ya Wajerumani na mawakala wake wawili wakafia hapa. Kwamba Wissmann, kamanda wa Wajerumani, alikuja na meli za mizinga Mei 1890. Kwamba pale Mwembe Kinyonga, Novemba 1895, alinyongwa Hassan bin Omari Makunganya, aliyepigana na Wajerumani. Sisi wenyewe tunayachanganya. Ukiuliza vijana 10 wa shule, wengi watakuambia Makunganya alikuwa wa Majimaji. Majimaji ilianza Umatumbini Julai 1905, miaka 10 baada ya mwembe ule kufanya kazi yake. Ni aibu, na hatumlaumu kijana: hakuna ubao, hakuna kijitabu, na masanduku tumeyafungia chini ya paa bovu.

Wazee nao hawatungoji. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizunguka vijijini wakaandika masimulizi ya Majimaji kutoka kwa watu walioiona kwa macho. Leo hakuna hata mmoja wa kumuuliza tena, na bila daftari zile tungekuwa na maelezo ya Mjerumani peke yake. Wazee wetu wa leo wanajua mambo mengine: nani alikuwa na tanuri la chokaa, boriti za mikoko zilishushwa gati gani, mtaa gani ulibadilishwa jina na kwa nini. Kurekodi kuna adabu yake. Hatumuulizi babu "mwaka gani?", tunamuuliza lilitokea kabla au baada ya kimbunga cha Aprili 1952 kilichoipiga Lindi, au Uhuru, au Operesheni Vijiji. Hatuulizi "nyumba hii ilijengwa na Mwarabu, sivyo?", kwa kuwa mzee mwenye heshima atakuitikia tu usiaibike. Simu haitoshi, jogoo, pikipiki na upepo huingia wote. Tunataka vinasa sauti viwili, kila kimoja kiwekwe juu ya khanga iliyokunjwa ili meza isivume. Saa moja ya mazungumzo humla mwandishi saa 6 hadi 8 kuinakili. Na habari za nani alikuwa mtumwa wa nani haziandikwi kwa jina mpaka ukoo wenyewe uridhie. Hilo hatulijadili.

Sasa hesabu. Mabati 24 ya geji 28, mita 3, kwa sh. 38,000 kila moja ni sh. 912,000. Mbao 14 za kubadilisha kenchi iliyooza, pamoja na misumari ya mpira, sh. 168,000. Fundi na msaidizi wake sh. 250,000, vijana wa mtaa watabeba bure. Vinasa sauti viwili sh. 560,000. Diski mbili za kuhifadhia nakala sh. 440,000, moja ikae Kivinje na nyingine Dar, maana nakala mbili ndani ya chumba kimoja ni nakala moja. Makasha 20 na karatasi zisizo na asidi sh. 360,000. Watu wawili kwenda Nyaraka za Taifa siku 10, nauli, kulala na kula, sh. 988,000; kutoa nakala sh. 200,000, msomaji wa Kijerumani, kurasa 60 kwa sh. 10,000, sh. 600,000. Sukari na majani ya chai kwa wazee 30, sh. 300,000. Hatununui maneno yao, ila huendi kwa mzee mikono mitupu. Jumla sh. 4,778,000. Tulizonazo ni sh. 1,215,000. Pungufu ni sh. 3,563,000.

Fedha ikija nusu, paa kwanza. Safari ya Dar itasubiri, majalada ya kule yako mahali pakavu.

Harambee itakuwa Jumamosi ya kwanza ya Februari baada ya swala ya alasiri, barazani mbele ya chumba chenyewe, mjionee matundu. Walio mbali watume kwa simu kwenye namba ya kikundi, waiombe kwa katibu au mweka hazina. Jina litakalotokea kabla ya kuthibitisha ni la kikundi. Likitokea jina la mtu, usitume. Kutoa benki kunahitaji saini tatu. Orodha ya waliochanga na risiti za duka zitabandikwa ubaoni ndani ya siku 14 na kusomwa kwa sauti, Inshallah, hata zile za sh. 2,000.

Tuseme na hili, mtusamehe. Kadi ya harusi ya double siku hizi tunaijua bei yake, na hakuna Mkivinje anayekubali jina lake likose kwenye orodha ya kamati. Bati moja ni rahisi kuliko kadi hiyo. Na kwa wenye nia, elimu inayobaki ikanufaisha watu ni sadaka inayoendelea. Masheikh wetu wamelisema hilo vizuri kuliko sisi.

Asiye na fedha ana njia nyingine. Mabati yaliyobaki kwenye ujenzi wako, hata matatu, tunayapokea, mradi ni geji 28 na hayajatobolewa. Na mwenye hati nyumbani iliyolowa, asiianike juani, asiipige pasi, asiibandike selotepu, wala asizibandue kurasa zilizogandana zikiwa bado mbichi. Iweke kivulini kati ya karatasi nyeupe za kunyonya maji, badilisha karatasi hizo kila baada ya saa chache, juu yake weka kitabu chepesi. Kama hutaki itoke nyumbani kwako, tunakuelewa, wengine walitoa wakajuta. Tutakuja na kamera, tutaipiga picha hapo hapo barazani kwako kwenye mwanga wa asubuhi, dakika 20, nawe umekaa unaitazama.