Kumbukumbu za ligi ya mkoa zisipotee

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi viongozi wa soka Kigoma waihifadhi historia ya ligi yetu, kuanzia ngazi ya wilaya.

Kule Wales, ligi ya kusini ilianza mwaka 1904 ikiitwa Rhymney Valley League, mwaka 1909 ikawa Glamorgan League, na mwaka 1912 Welsh Football League. Ilikoma mwaka 2020 madaraja yalipopangwa upya. Asiyejua mabadiliko hayo atadhani ni ligi tatu tofauti. Kwetu klabu ndizo hubadili majina, kwa hiyo jina la zamani liandikwe kando ya jipya, pamoja na mwaka.

Kila msimu uwe na daftari lake: tarehe, uwanja, matokeo, wafungaji, mwamuzi. Ripoti ya mwamuzi itolewe nakala siku hiyohiyo. Ikibaki kwa katibu pekee, uongozi ukibadilika inaondoka naye. Hili linaumiza sana.

Msimamo nao uhakikiwe. Timu 10 zikicheza nyumbani na ugenini, mechi ni 90. Jumla ya mabao ya kufunga ilingane na ya kufungwa, na jumla ya safu ya sare igawanyike kwa mbili. Hesabu ikikataa, tazama kwanza ushindi wa mezani, yaani unaotolewa kwa uamuzi na si kwa mabao ya uwanjani: mshindi huandikiwa mabao matatu, mpinzani akasahauliwa kuandikiwa matatu ya kufungwa. Kisha angalia timu iliyojitoa katikati ya msimu. Mara nyingine matokeo yake hufutwa kimakosa kwa baadhi ya wapinzani tu. Tarehe ya kujitoa iandikwe.

Mpenzi wa soka,
Ujiji, Kigoma