Rekodi za Kilimanjaro na wanaobeba mizigo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Mimi nilikuwa mgumu, yaani mbeba mizigo wa Mlima Kilimanjaro, nimefanya ile kazi miaka 11 mpaka magoti yakakataa, kwahiyo haya mambo ya rekodi za huko juu huwa nayafatilia sana.

Kinachoniuma ni kwamba kila rekodi ya ajabu ikiwekwa mlimani magazeti yetu yanataja jina la mgeni, nchi yake, saa na dakika, basi. Waliopandisha vitu hawamo kabisa.

Chukulia ile mechi ya Juni 2017. Akina dada kutoka nchi zaidi ya 20 walipanda mpaka ndani ya kreta, mita 5,714, wakacheza mpira dakika 90 kamili na ikaisha 0-0, ikawa ndo mechi ya mpira wa miguu iliyochezwa juu kuliko zote duniani. Hewa ya kule oksijeni yake ni kama nusu tu ya Dar, ukiinama kufunga kamba za viatu unahema kama umekimbia, sasa wale walikimbiza mpira juu ya jivu la volkano, kwa kweli nawaheshimu sana. Lakini magoli, yaani ile milingoti, yalifikaje kule? Yalibebwa, pamoja na mahema, maji, mitungi ya gesi na unga wa kuchorea mistari. Hivohivo mwaka 2014 pale walipocheza kriketi kwenye mita 5,730 mpaka wingu likawafunika wakaacha. Mzigo wa mgumu mmoja mwisho kilo 20, na hapo hujaweka begi lako mwenyewe na njaa yako.

Halafu kuna hili la spidi. Kilian Jornet wa Hispania mwaka 2010 alipanda na kushuka kwa saa 7 na dakika 14, na 2014 Karl Egloff wa Ekwado akaishusha mpaka saa 6 na dakika 42, wakati mgeni wa kawaida anatumia siku 5 mpaka 8. Hongera zao, wale ni watu wa mazoezi. Ila ni wangapi hapa nyumbani wanamjua Simon Mtuy, mtoto wa Mbahe kule Marangu? Mwaka 2006 alipanda na kushuka kwa saa 9 na dakika 21 bila msaada wa mtu, maji yake, chakula chake, nguo zake za baridi vyote kabeba mwenyewe. Mimi niliyebeba najua hiyo ni rekodi ya aina nyingine, sio ya kuwekwa chini ya hizo zingine eti kwa sababu dakika ni nyingi. Nimewauliza vijana wa darasa la saba hapa mtaani, hata mmoja hajawahi kumsikia.

Sasa ombi langu mhariri, siku nyingine mkipata habari ya rekodi mlimani mtumeni mwandishi geti la Mweka kuanzia saa sita mchana, ndo muda wagumu wanashuka, akae nao wakinywa chai awaulize majina yao. Na aanze na hili, nani alibeba yale magoli.

Mgumu mstaafu,
Moshi